Vilima vya Machakos: Nchi Iliyodhaniwa Imekwisha

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa motokaa hupita katika nchi ya Wakamba kwa muda wa saa nyingi, na mara nyingi haioni. Huona malori yaliyopangana Mlolongo, viwanda vya saruji vya Athi River na mbuga pana yenye miti ya miiba, kisha usingizi humshika mpaka Mtito Andei. Lakini akiwa na nafasi ya siku moja, na aiache barabara kuu pale Kyumbi, penye njia panda ya Machakos, ashike mkono wa kushoto. Baada ya muda mfupi mbuga huisha, na vilima huinuka mbele yake. Akiupita mji na kupanda vilima vya Iveti, ataona jambo la kumshangaza: tangu bondeni hata karibu na vilele, ardhi imekatwa ngazi ngazi, moja juu ya nyingine, na kila ngazi ina mahindi yake, maharagwe yake, au mikahawa na miembe.

Ngazi hizo ni matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Hazikutengenezwa na mashine, wala na serikali peke yake. Zilichimbwa kwa majembe na sepetu, na wengi wa waliochimba walikuwa wanawake.

Twataka kuwaeleza wasomaji habari za vilima hivyo, kwani ndani yake mna jawabu la swali ambalo wataalamu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 200: je, watu wakizidi katika nchi, ardhi haina budi kuchakaa? Tena mna onyo, kwa sababu jawabu lililopatikana Machakos jana si lazima liwe ndilo la kesho.

Mji uliotangulia Nairobi

Mji wa Machakos umepata jina lake kwa Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba aliyekaa huko katika karne ya 19. Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake hapo, na tangu mwaka 1892 John Ainsworth alikuwa msimamizi wake. Wakati huo mahali tupaitapo Nairobi palikuwa kinamasi na kijito cha maji baridi, ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao. Machakos ulikuwa kituo chenye sifa, na Nairobi haukuwapo.

Lakini reli haikupanda vilima. Mafundi waliitandika katika mbuga za Athi, kwa kuwa mbuga ni tambarare na gharama yake ni ndogo, na mwezi wa Mei 1899 ilifika Nairobi. Mwaka huo huo makao makuu ya Jimbo la Ukamba yalihamishwa kutoka Machakos yakapelekwa Nairobi. Wakamba husimulia kwamba nabii wao wa kike, Syokimau, alitabiri zamani kuja kwa nyoka mrefu wa chuma atokaye baharini. Nyoka huyo alipokuja, alipita kando ya Machakos na kuuacha.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Mji haukui kwa sababu ya uzuri wa mahali pake tu, bali hukua pale njia zinapokutana. Nairobi ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 119,000 mwaka 1948. Katika sensa ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Machakos ulibaki mji wa soko na wa ofisi za wilaya. Hata hivyo, tutaona mbele kwamba jirani huyu mkubwa ndiye aliyewapa wakulima wa vilimani sababu ya kuutunza udongo wao.

Udongo ulipokimbia

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na nchi ya Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Idadi hiyo si kubwa, lakini watu hao walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka. Sehemu nzuri kama vilima vya Mua zilikuwa zimetwaliwa na walowezi, na mbuga za Yatta hazikuwa mali yao tena. Hapo kale mtu akiona shamba limechoka alihamia jingine, na ng'ombe walifuata majani penye mvua. Sasa hapakuwa na pa kuhamia. Shamba likalimwa mwaka baada ya mwaka, ng'ombe wakala majani hata mizizi, ukame ukaja na nzige wakaja; na mvua iliponyesha ilikuta ardhi iko uchi, ikauchukua udongo mwekundu mpaka mitoni.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali aliyehusika na kuhifadhi udongo, aliandika taarifa ya kutisha juu ya Machakos. Alisema kwamba wenyeji wanaelekea upesi kwenye umaskini usio na matumaini, na kwamba nchi yao inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Hakuwa akidanganya juu ya aliyoyaona. Picha zilizopigwa mwaka huo zaonyesha makorongo, miti michache, na vilima visivyo na nguo. Kosa lilikuwa katika kuitafuta sababu, kwa maana lawama kubwa iliwekwa juu ya mwenyeji na ng'ombe wake, wala si juu ya mipaka iliyomfungia.

Basi mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo, na wengi walikusudiwa kiwanda kipya cha nyama cha Athi River. Kwa Mkamba ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari ya kijana, akiba ya siku ya njaa, na nguvu ya kukokota plau. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, pamoja na watoto, wakaongozwa na Muindi Mbingu mpaka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu kifungoni, lakini kabla mwaka haujaisha amri ile ya nguvu iliondolewa. Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa, na Machakos yathibitisha neno hilo, kama tutakavyoona.

Fanya juu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi na fedha zaidi na mipango zaidi. Tangu mwaka 1946 fedha nyingi za kuendeleza ardhi ya Waafrika zilitumiwa Machakos. Watu walitakiwa kutoka siku maalum za juma, kwa amri ya chifu, wakachimbe mitaro. Mingi ya mitaro hiyo ilikuwa membamba, yenye kuchimbwa upesi na kubomoka upesi, na aliyeichimba hakuona faida yake shambani.

Lakini palikuwa na namna nyingine iliyowapendeza wakulima zaidi, nayo yajulikana hata leo katika vitabu vya ukulima vya nchi nyingi kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Jina lenyewe laeleza kazi. Mkulima hupima mstari unaokata kilima bila kupanda wala kushuka, akachimba mtaro juu ya mstari huo, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu, si upande wa chini. Udongo huo huwa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ya kulishia ng'ombe ili mizizi yake iushike. Kisha mvua yenyewe humsaidia mkulima, kwani udongo unaosombwa kutoka juu ya shamba husimama ukingoni badala ya kwenda mtoni. Mwaka hata mwaka shamba hujisawazisha, mpaka mteremko ukawa ngazi. Maji ambayo zamani yalikimbia kwa dakika chache sasa hutulia na kuingia ardhini, na hilo ni jambo kubwa katika nchi yenye mvua haba.

Kazi hii ni nzito, wala mtu mmoja na jembe lake haimalizi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo Wakamba waliirudia desturi yao ya mwethya, yaani kusaidiana kwa zamu: leo twalima kwako, kesho twalima kwangu, na mwenye shamba huwapa wenzake chakula. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa katika kazi za mshahara, wengine polisi, wengine jeshini, wengine relini, vikundi hivyo vilijaa akina mama. Wao ndio waliozivika vilima nguo zake.

Jambo lililogeuza mioyo zaidi ya mahubiri yote lilikuwa faida. Kwa miaka mingi Waafrika wa Machakos hawakuruhusiwa kupanda kahawa. Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa ukulima ujulikanao kwa jina la Roger Swynnerton, uliokusudia Waafrika wapande mazao ya kuuza na kupata hati za ardhi zao. Wakamba walipofunguliwa mlango wa kahawa, sharti lilikuwa ipandwe juu ya matuta ya ngazi. Hapo mtaro haukuwa tena kazi ya chifu, bali ulikuwa njia ya kupata ada ya shule na bati la nyumba. Katika Kangundo, Matungulu, Iveti na Mbooni watu walichimba kwa bidii.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi ya matuta ililegea kwa muda, kwa kuwa wengi waliikumbuka kuwa kazi ya amri. Kisha ikarudi, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuwasimamia. Matuta mengi yalichimbwa katika miaka ya uhuru, na wenye mashamba wenyewe, kwa fedha na jasho lao.

Wataalamu na hesabu zao

Sasa tulirudie lile swali la mwanzo. Mwaka 1798 Mwingereza Thomas Malthus aliandika kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, na kwamba njaa na maradhi ndiyo yanayokuja kuwapunguza. Taarifa ya mwaka 1937 juu ya Machakos yafanana sana na mawazo hayo. Lakini mwaka 1965 mwanamke wa Denmark, Ester Boserup, alitoa wazo lililo kinyume. Alisema kwamba watu wakiwa wachache na ardhi ikiwa tele, mkulima hana haja ya kujisumbua. Hulima, huacha, huhama. Watu wakisongamana ndipo hulazimika kutia mbolea, kuchimba matuta, kulima mara mbili kwa mwaka, na kubuni zana mpya. Kwa maneno mengine, wingi wa watu waweza kuwa mwalimu.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos kilichosomwa ulimwenguni kote. Walizichukua zile picha za mwaka 1937, wakaenda mahali pale pale zilipopigwa, wakapiga nyingine. Palipokuwa uchi pana matuta, na palipokuwa hapana miti pana miti iliyopandwa na watu. Waliona kwamba tangu miaka ya 1930 hadi mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu wa wilaya ilizidi kutoka 240,000 hivi hadi kukaribia 1,400,000, na hata hivyo thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imekuwa kama mara tatu ya ile ya zamani, na kwa kila kilomita ya mraba kama mara kumi. Watu waliongezeka, na mmomonyoko ukapungua.

Lakini msomaji asidhani kwamba wingi wa watu peke yake ulitenda mwujiza huo. Ziko nchi zilizojaa watu na udongo wake ungali unakwenda mtoni. Machakos palikuwa na mambo mengine matatu. Kwanza, mtu alikuwa na haki ya shamba lake kwa desturi ya Wakamba, hata kabla ya hati, hivyo akichimba tuta alijua mtoto wake atalirithi. Pili, maarifa mapya yalifika, mengine kwa wataalamu na mengine kwa wakulima wenyewe. Katika kituo cha Katumani, katika njia iendayo Wote, ilitengenezwa katika miaka ya 1960 mbegu ya mahindi inayokomaa upesi kabla mvua hazijakatika. Na katika nchi ambayo mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba hutegemewa kuliko zile za masika, majuma machache yaweza kuwa tofauti ya shibe na njaa. Jambo la tatu ni soko, nalo lataka maelezo marefu zaidi.

Mji na shamba ni ndugu

Mjerumani mmoja, Johann Heinrich von Thünen, aliyekuwa na shamba kubwa mahali paitwapo Tellow, aliandika mwaka 1826 juu ya mji ulio katikati ya nchi tambarare. Alisema kwamba mashamba yataupanga mji huo kwa duara, moja nje ya lingine. Karibu kabisa yatakuwa maziwa na mboga, kwa kuwa huoza upesi na ni taabu kuzichukua mbali; nje zaidi itakuwa nafaka; na mbali kabisa mifugo, ambayo huweza kwenda sokoni kwa miguu yake.

Nchi zetu si tambarare, na lori limezibadili safari, lakini atokaye Nairobi ataona kwamba mzee huyo hakukosea sana. Katika Kangundo na Matungulu hulimwa nyanya, mboga na maharagwe mabichi, maana gari likitoka huko usiku hufika masoko ya Nairobi kabla ya mapambazuko. Ukienda mbele kuelekea Makueni, miembe na michungwa huwa mingi. Ukishuka tena katika nchi za joto na ukame, hupata ndengu, mbaazi, kunde na mtama, na mbuzi na ng'ombe walio tayari kwa mnada.

Tena mji haukununua mazao tu. Mshahara wa askari na wa karani ulirudi nyumbani ukanunua plau, ng'ombe wa kukokota, mbegu na tangi la maji. Hata vinyago vya Wamunyu, ambavyo Mutisya Munge alianza kuvichonga baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, viliuzwa kwa wageni mijini, na fedha zake zikaingia katika mashamba. Wako watu wasemao kwamba mji huinyonya nchi, na wengine wasemao kwamba mkulima ajitegemee mwenyewe asiutazame mji. Vilima vya Machakos vyaonyesha kwamba kwa muda mrefu mji na shamba vililishana. Pasipo Nairobi, matuta mengi yasingalichimbwa.

Mji unapokuja mlangoni

Hata hivyo mji uliokuwa mbali kwa kilomita 60 sasa umekuja mlangoni. Mlolongo, ambao yasemekana ulipata jina lake kwa foleni za malori yaliyongoja kupimwa uzito, ni mji mkubwa wa maghorofa. Jina la nabii Syokimau leo ni jina la mtaa wa wafanyakazi wa Nairobi, na nyoka wa chuma amerudi huko mara ya pili, kwa maana hapo ndipo pana stesheni kuu ya Nairobi ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Tangu mwaka 2022 barabara ya juu ya kilomita 27 yaunganisha Mlolongo na Westlands. Katika sensa ya mwaka 2019, wilaya ndogo ya Athi River ilikuwa na watu zaidi ya 300,000. Mbele zaidi, Konza, zimetengwa ekari 5,000 kwa ajili ya mji mpya wa teknolojia uliozinduliwa mwaka 2013.

Mbuga za Athi zilikuwa nchi ya malisho na ya wanyama wa porini, wala hazikuwa ghala la mahindi. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba nyumba hapo hazikuharibu chakula. Lakini katika barabara ya Kangundo mambo ni mengine. Kamulu, Joska na Malaa zimejaa mabango ya viwanja, na wimbi hilo laelekea Tala, penye udongo mzuri na matuta yaliyochimbwa na akina bibi wa wenye nyumba za leo. Ekari moja ikikatwa viwanja vinane, mwenye ekari hupata kwa siku moja fedha ambazo kahawa isingempa kwa miaka mingi. Nani atamlaumu? Lakini akiisha kuuza, tuta lililosimama miaka 60 hufukiwa kwa tingatinga asubuhi moja, wala halirudi.

Tena mwaka 1999 John Murton, aliyefanya uchunguzi huko Mbooni, alitoa angalizo ambalo halifai kusahauliwa. Alionyesha kwamba neema ya Machakos haikuzigusa nyumba zote sawasawa. Nyumba iliyokuwa na mtu wa mshahara mjini iliweza kununua mbolea, kusomesha watoto na hata kununua shamba la jirani. Nyumba isiyokuwa na mtu wa mshahara ilibaki na kishamba kidogo kilichochoka, na kila kizazi kilikigawanya tena. Kwa macho ya msafiri matuta ni yale yale, lakini ndani ya nyumba hali si moja.

Maji yaliyomo mchangani

Liko jambo moja zaidi ambalo mgeni hulipita bila kulitambua. Mito mingi ya Ukambani haina maji ya kuonekana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni akivuka daraja huona mchanga mtupu, akasema mto umekufa. Mwenyeji ajua kwamba mto uko chini. Akina mama hufukua mchanga wakapata maji safi, yaliyochujwa na mchanga wenyewe na kukingwa na jua.

Wakamba wameliongeza jambo hili kwa akili. Katika mahali penye mwamba hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto. Mvua zikija, mto huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na katikati ya chembe za mchanga maji hukaa kwa miezi. Hayo ndiyo mabwawa ya mchanga, na Ukambani imekuwa mwalimu wa nchi nyingine kavu katika kazi hiyo. Mwethya ule ule uliochimba matuta ndio uliobeba mawe ya kuta hizo.

Lakini mchanga huo ndio unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi. Kila ghorofa huhitaji mchanga mwingi, na malori huja usiku kuuchukua mitoni. Mchanga ukiondolewa, maji hukimbia na visima hukauka, na mama aliyekuwa akitembea nusu saa hutembea saa tatu. Kumekuwa na ugomvi juu ya mchanga, na watu wameuawa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuusimamia uchimbaji wake. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini sheria huhitaji watu wa kuitunza, na fedha za mwenye lori hufika kijijini kabla ya askari.

Hapa ndipo ule undugu wa mji na shamba unapoharibika. Mji ulipokuwa ukinunua nyanya na maembe, ulimpa mkulima sababu ya kuutunza udongo wake, maana nyanya zitalimwa tena mwakani. Mji unaponunua mchanga wa mto na udongo wa shamba lenyewe, humpa fedha mara moja na kumwondolea njia ya kupata nyingine. Biashara ya namna ya kwanza huacha nchi ikiwa tajiri kuliko ilivyokuwa, na ya pili huiacha maskini.

La kufanywa

Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha Kaunti ya Machakos ina watu 1,421,932 na Makueni 987,653. Tukizijumlisha, nchi iliyodhaniwa mwaka 1937 kuwa imekwisha ina watu karibu mara kumi ya wale wa wakati ule. Wala shida hazijakwisha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu katika sehemu nyingi kavu za Kenya, na Ukambani iliumia pamoja na nyingine. Matuta hayaleti mvua. Kazi yake ni kuitunza ile ichache iliyokuja.

Wakuu wa kaunti, na wote wapangao mambo ya ardhi, wana mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni kwamba amri peke yake haikuuokoa udongo mwaka 1938, na haitauokoa mchanga leo. Mtu hutunza kile ambacho faida yake aiona na haki yake aijua. Mwenye shamba la nyanya au la kahawa akipata bei ya haki na njia nzuri ya kufika sokoni, hatakuwa mwepesi wa kuita mpimaji wa viwanja. Kiwanda cha maembe kilichojengwa Kalamba katika Makueni ni mfano wa mawazo ya namna hiyo. La pili ni kwamba mji hauna budi kupewa mahali pake. Ziko mbuga zenye udongo usiofaa kilimo ambazo zaweza kuchukua nyumba nyingi, na viko vilima ambavyo havifai kuguswa. Kuzitenganisha hizi mbili ni kazi ya mipango, na mipango ikikawia, tingatinga halingoji.

Apendaye kuyaona haya kwa macho yake na aende mwezi wa Novemba mwishoni, mvua za vuli zikiisha kushika. Apite mji wa Machakos, apande Iveti kuelekea Kathiani asubuhi na mapema, asimame kando ya njia na kutazama chini. Ataona maji yamelala katika mitaro, yanang'aa mstari kwa mstari kilima chote, na mtoni hayaendi ila kidogo. Akimwona mama yuko ukingoni akikata majani ya ng'ombe, na amwamkie kwa heshima, amwulize tuta lile lilichimbwa na nani. Mara nyingi ataambiwa jina la mkwewe au la nyanya wa mumewe, na kama ana bahati ataonyeshwa pia mti uliopandwa siku mwethya ulipolimaliza.